Gavana aliyekufa kifungoni: Bernardo López de Mendizábal na Wafransisko wa Meksiko Mpya

Katika masomo yetu ya historia ya Eklezia tumezoea kuona ugomvi wa Kanisa na serikali ukisimama wazi kama mchana. Huku Mtakatifu Ambrosi anamzuia kaisari Teodosi mlangoni. Kule Askofu Tomasi Becket anauawa ndani ya kanisa lake, mwaka 1170. Mchungaji ana haki, mtawala ana kosa, na mseminari anaandika majibu ya mtihani bila taabu. Lakini upo ugomvi mwingine usiokubali kupangwa hivyo, na mimi nadhani padri asiyeusoma anapata hasara. Leo nataka kuwaeleza mmoja wa namna hiyo. Ulitokea katika nchi kavu ya mbali, kaskazini ya Meksiko, ambayo Wahispania waliiita Nuevo México, maana yake Meksiko Mpya.

Wahispania waliingia huko mwaka 1598, chini ya Juan de Oñate. Hawakukuta dhahabu. Walikuta watu wanaolima mahindi na kukaa katika vijiji vya nyumba za udongo zilizopandana ghorofa juu ya ghorofa. Kijiji kwa Kihispania ni pueblo, na jina hilo likabaki kwa wenyeji wenyewe: Wapueblo. Kwa kuwa nchi haikuwa na mali, mfalme wa Hispania angeweza kuiacha. Aliishika kwa sababu mapadri Wafransisko walikuwa wamekwisha kubatiza watu wengi, na yeye mwenyewe, kwa haki ile aliyopewa na Mababa Watakatifu, alikuwa mlezi wa misioni zote za Amerika. Alilipa hata mvinyo wa Misa. Kila miaka mitatu hivi msafara wa magari ya nyumbu ulitoka mji wa Meksiko, ukasafiri nusu mwaka mpaka Santa Fe, mji mkuu.

Hakukuwa na askofu huko. Mkubwa wa Wafransisko, aliyeitwa Kustodi, ndiye aliyeshika mamlaka ya kiaskofu. Tena, mara nyingi Kustodi huyo huyo, au mmoja wa mapadri wake, alikuwa Kamisari wa Inkwizisio, yaani mjumbe wa ile tribinali ya kuhukumu makosa ya imani. Msomaji aweke jambo hili moyoni, kwa maana ndilo litakalomwangusha gavana wetu.

Bernardo López de Mendizábal hakuwa mtu mjinga. Alizaliwa Chietla, katika Meksiko yenyewe, akasomea kwa Wayesuiti huko Puebla, halafu akajifunza sheria za Kanisa katika chuo kikuu cha Meksiko. Mke wake, Dona Teresa de Aguilera y Roche, alizaliwa Italia, akajua kusoma vitabu vya Kiitalia. Katika ukoo wa mama yake Bernardo alikuwako mzee mmoja aliyepata kuhukumiwa na Inkwizisio kwa kosa la kushika dini ya Kiyahudi kwa siri. Kovu la namna hiyo halikusahauliwa upesi.

Alisafiri kwenda Meksiko Mpya pamoja na Kustodi mpya, Padri Juan Ramírez, katika msafara mmoja, mwisho wa mwaka 1658. Wakaanza kugombana njiani. Nani mkubwa, mjumbe wa mfalme au mjumbe wa Kanisa? Mapadri kadhaa walichoka na kelele hizo wakaacha safari, wakarudi. Walipofika, katikati ya mwaka 1659, gavana alikasirika kwamba mapadri wa misioni za njiani hawakumpokea kwa heshima. Washitaki wake waliandika baadaye kwamba alitaka kupokewa kama Sakramenti Takatifu siku ya Mwili wa Kristu. Labda walizidisha. Lakini majivuno alikuwa nayo, hata rafiki zake hawakukana.

Sasa tuingie katika kiini. Gavana alitoa amri kwamba mshahara wa Mpueblo upande kutoka nusu reale mpaka reale moja kwa siku, pamoja na chakula. Peso moja ilikuwa na reale nane. Kwa hiyo zamani mtu alifanya kazi siku 16 apate peso moja, na sasa siku 8. Tena alikataza mapadri kuwatumia Wapueblo bila malipo: wapishi, wachungaji wa kondoo, wachukuzi wa kuni, wapagazi. Misioni nyingi zilikuwa na watu wengi wa kazi namna hiyo, wote kwa jina la sadaka. Gavana akasema: anayetaka mikono ya Mpueblo ailipe, awe mkulima wa Kihispania, awe padri.

Mapadri walijibu, na jibu lao halikuwa la bure. Walisema: makundi haya ya kondoo si mali yetu, sisi tumeweka nadhiri ya ufukara. Tukiuza wanyama huko Parral, kwenye migodi ya fedha, tunanunua kalisi na mavazi ya altare. Na njaa ikija, ghala ya misioni ndiyo inayowalisha Wapueblo. Hayo yalikuwa kweli, angalau sehemu. Mimi nimekaa katika misioni yenye mashamba na wanyama, najua jinsi mambo yanavyokwenda: hakuna anayeanza kwa nia mbaya. Padri anaomba msaada wa siku moja kwa ajili ya kanisa, siku inakuwa juma, juma linakuwa desturi, na desturi tunaiita ukarimu wa wakristu wetu.

Lakini kama mtu anadhani kwamba gavana alikuwa mtetezi wa wanyonge, asubiri kidogo. Ukubwa wa ugavana katika nchi zile ulikuwa biashara. Bwana López alifungua duka ndani ya nyumba ya serikali, akauza sukari na chokolate kwa Wahispania wenzake. Wapueblo walimkusanyia mbegu za msonobari, walimshonea soksi, walimchukulia chumvi. Septemba 1659 alituma jeshi juu ya Waapache wa nyikani. Padri Ramírez aliandika kwamba walikwenda Wahispania 40 na wakristu Wapueblo 800, wakati wa mavuno, na mahindi yakabaki shambani. Shabaha ilikuwa kukamata watu, wauzwe utumwani Parral. Na wakati wa kumaliza kazi yake, ilipofanywa ile hesabu ya mwisho ambayo kila gavana alipaswa kuitoa mbele ya hakimu, vijiji vya Wapueblo vilikuja kumdai malipo ya kazi zao. Yule aliyeamuru reale moja kwa siku, yeye mwenyewe alikuwa na deni.

Wazee wetu walioona Bula Matari wangemtambua mara moja.

Likaja jambo la ngoma. Wapueblo walikuwa na ngoma ziitwazo katsina, wakizicheza kwa kuvaa sura za miti na ngozi, ili mvua inyeshe na mahindi yaote. Mapadri walizikataza kuwa ibada ya mashetani. Gavana aliruhusu zichezwe tena, hata katika uwanja wa Santa Fe. Alitazama, akasema kwamba yeye haoni uchawi wowote, anasikia tu hu, hu, hu. Je, alifanya hivyo kwa kuwapenda Wapueblo au kwa kuwachokoza mapadri? Mimi nadhani ni kwa kuwachokoza. Hakuna alama kwamba aliuliza hata mzee mmoja maana ya ngoma ile. Padri aliona shetani, gavana aliona mchezo wa watoto. Wote wawili hawakuuliza.

Alifanya neno jingine ambalo wanafunzi wa sheria za Kanisa watalitambua: alipokea ushuhuda wa Wapueblo juu ya mwenendo wa mapadri. Mapadri walikataa, wakasema kwamba mtu wa Kanisa hahukumiwi na hakimu wa dunia. Kwa sheria za siku zile walikuwa na haki. Lakini Mpueblo aende wapi? Mwaka 1655, kabla ya gavana huyu kufika, Padri Salvador de Guerra wa Oraibi alimpiga Mpueblo mmoja, Juan Cuna, kwa kosa la ibada ya sanamu, akampaka utomvu unaowaka moto, mtu akafa. Wakubwa wa shirika walimhukumu padri huyo wenyewe kwa wenyewe. Jina lake tunalikuta tena miaka michache baadaye: ni karani wa Kamisari wa Inkwizisio.

Kamisari huyo aliitwa Padri Alonso de Posada. Alifika mwaka 1661 akiwa na kazi zote mbili, Kustodi na Kamisari. Alipiga ngoma zote marufuku na kuamuru sura za katsina zikusanywe na kuchomwa. Zikachomwa karibu 1,600. Halafu akaanza kuandika ushuhuda juu ya gavana.

Hapa tutazame vema namna kazi ilivyofanyika. Ugomvi ulikuwa juu ya mishahara, kondoo na mamlaka. Lakini Inkwizisio haikuhukumu mishahara, ilihukumu imani. Basi ilibidi gavana awe mzushi. Watumishi wa nyumbani waliulizwa, na maadui waliokuwa na deni naye waliulizwa. Ikaandikwa kwamba yeye na mke wake walioga na kubadili mashuka siku ya Ijumaa, kama Wayahudi. Ikaandikwa kwamba Dona Teresa alikunywa chokolate siku isiyofaa, na kwamba alicheka akisoma kitabu ambacho hakuna mtu aliyekielewa. Kitabu hicho kilikuwa Orlando Furioso cha Ariosto, mashairi ya Kiitalia. Nchi nzima ilikuwa na hofu na kitabu kwa sababu tu hakuna aliyejua lugha yake.

Usiku mmoja wa Agosti 1662 wote wawili walikamatwa. Walisafirishwa mpaka Meksiko, yeye akiwa amefungwa minyororo garini, mgonjwa. Walifika Aprili 1663, wakawekwa vyumba mbalimbali, hawakuonana tena. Kwa desturi ya tribinali mshitakiwa hakuambiwa majina ya walioshuhudia juu yake. Dona Teresa aliomba karatasi, akaandika kwa mkono wake utetezi mrefu, akitaja mmoja mmoja watu waliokuwa na sababu ya kuwachukia. Mimi namheshimu mama huyu kuliko wanaume wote wa habari hii.

Gavana alikufa kifungoni tarehe 16 Septemba 1664, kabla ya hukumu. Alizikwa mahali pasipobarikiwa, karibu na zizi la gereza. Mwisho wa mwaka ule mke wake alifunguliwa; shitaka lake liliachwa bila hukumu. Na Aprili 1671 tribinali ile ile ilimtangaza marehemu kuwa hana kosa. Mifupa yake ikafukuliwa, ikapelekwa katika kanisa la Mtakatifu Dominiko.

Aliyemfuata katika ugavana, Diego de Peñalosa, alinyakua mali yake, akagombana na Padri Posada, hata akamkamata huko Pecos mwaka 1663. Inkwizisio ikamshika naye, ikampa adhabu ya hadharani mwaka 1668, akafukuzwa Amerika. Alikimbilia Ufaransa kumwuzia mfalme Ludoviko wa Kumi na Nne mipango ya kushambulia nchi za Hispania. Basi magavana wawili waliangushwa, mmoja baada ya mwingine, na mapadri walishinda kabisa.

Walishinda nini? Mwaka 1668 njaa kubwa ilishika Meksiko Mpya. Mvua haikunyesha, na sura za kuombea mvua zilikuwa majivu. Mwaka 1675 gavana mwingine, sasa akipatana na mapadri, aliwakamata wazee wa dini ya Wapueblo 47. Wengine walinyongwa, wengine walipigwa viboko. Kati ya waliopigwa alikuwako Popé. Tarehe 10 Agosti 1680 vijiji viliondoka pamoja chini yake. Waliuawa mapadri 21 na Wahispania wengine karibu 380, makanisa yalichomwa. Kati ya mapadri wale 21 walikuwako bila shaka watu wema waliokufa kwa ajili ya kazi yao, nami nawaombea.

Wahispania walirudi mwaka 1692, na mapadri pamoja nao, ila desturi ya kuwatoza Wapueblo kodi ya mahindi na nguo kwa ajili ya mabwana fulani haikurudishwa. Sisi ambao tangu 1988 tuna Misa kwa desturi ya Zaire, tunaocheza tukizunguka altare na kuyataja majina ya wazee wetu, tungefurahi kuona sikukuu ya tarehe 4 Agosti katika kijiji cha Wapueblo kiitwacho Santo Domingo, au Kewa kwa lugha yao. Asubuhi wanasoma Misa. Halafu wanaichukua sanamu ya mtakatifu mpaka uwanjani, wanaiweka kivulini chini ya matawi, na mbele yake wanacheza ngoma ya mahindi mpaka jua linapotua.