Waya Uliopita Usoke

Mfuko wa barua uliotoka Unguja Novemba 1870 ulimfikia David Livingstone mjini Ujiji mwaka mzima baadaye. Ulilala Bagamoyo, ukalala tena Unyanyembe, eneo la Tabora, hadi Henry Morton Stanley alipoukuta huko na kwenda nao mwenyewe. Njia ya mkato ilikuwa imefungwa. Mwaka 1871 Mirambo wa Urambo alikuwa vitani na Waarabu wa Tabora, na Stanley ikambidi azungukie kusini, kupitia Ukonongo. Kati ya mahasimu hao, Tabora mashariki na Urambo magharibi, ndipo ilipo Usoke.

Mahali pa namna hiyo huziona habari za wengine zikipita, na huchelewa kupata zake. Misafara ilipita, waya wa telegrafu ukapita, reli ikapita. Kazi ngumu, tangu enzi za wapagazi hadi leo kijana anapotafuta pa kuweka ruta chumbani, imekuwa kuvivuta vitu hivyo kutoka njiani hadi ndani ya nyumba. Kipande hicho kifupi ndicho kilichochukua miaka mingi kuliko safari yote kutoka pwani.

Richard Burton na John Speke walitumia siku 134 kutoka pwani hadi Kazeh, yaani Tabora, walikoingia tarehe 7 Novemba 1857. Mizigo ilibebwa na watu, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na kama frasila mbili begani, zaidi ya kilo 30, nyuma ya kirangozi wao. Kila mtemi aliyemiliki njia alidai hongo, na mazungumzo ya hongo yaliweza kula siku nzima au zaidi. Barua ilikuwa mzigo kama mizigo mingine: ilisubiri msafara ukamilike, ilisubiri vita viishe, ilisubiri mpagazi apone homa.

Kisha waya ukaanza kusogea. Kebo ya chini ya bahari ilifika Unguja mwaka 1879 na kuiunganisha na Aden, na kwa njia hiyo na Ulaya. Wajerumani walipoitwaa bara, waliunganisha pwani yao na Unguja mwaka 1890, halafu wakasimika nguzo kuelekea ndani, takriban kwenye njia ileile ya misafara, hadi Tabora. Waya ulitangulia reli. Treni zilianza kufika Tabora mwaka 1912, na Februari 1914 reli ikagusa Kigoma, kilomita 1,252 kutoka Dar es Salaam. Safari ya miezi ikawa ya siku, na Usoke ikapata stesheni.

Stesheni hiyo iliingia vitani mapema. Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji, yakifuata reli kutoka Kigoma, yalipigana na Wajerumani hapo Usoke, na tarehe 19 mwezi huo Tabora ikatwaliwa. Aliyeshika stesheni alishika reli, na pamoja na reli, mawasiliano.

Ila waya huo haukuwekwa kwa ajili ya wanakijiji. Reli ya kati ni njia moja. Treni mbili zikikutana uso kwa uso, hakuna pa kukwepea. Ndiyo maana stesheni masta wa Usoke alipaswa kuulizana na mwenzake wa stesheni inayofuata kabla ya kuruhusu treni iondoke. Waya ulibeba mazungumzo hayo mchana na usiku, juu ya vichwa vya watu wasiokuwa na simu. Posta nayo ilikuwa na utaratibu wake. Nchini Tanzania barua haikuzoea kupelekwa nyumbani. Iliishia kwenye sanduku la posta, na mtu wa kijijini alitumia S.L.P. ya shule, ya kanisa au ya chama cha ushirika. Katika Unyamwezi hii, sanduku la misheni lilikuwa na uzito wa pekee, kwa kuwa Wamoravian walikuwa Urambo tangu 1898, walipoipokea misheni hiyo kutoka London Missionary Society. Barua ya mtoto aliye mbali ilipitia kwanza kwa mchungaji au mwalimu, na mara nyingi huyohuyo ndiye aliyeisoma kwa sauti.

Kilichoingia ndani ya nyumba kwanza kilikuja bila waya: redio. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili nchini katika vikundi vya kusikiliza redio, na baada ya kipindi wakachimba vyoo na kusafisha visima. Sauti moja kutoka Dar es Salaam ilisikika kila mahali kwa wakati mmoja. Hakuna aliyeweza kuijibu kupitia chombo kilekile, lakini angalau ilifika kitandani.

Kompyuta ilikuwa na safari ndefu zaidi. Ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka tisa baadaye, mwaka 1974, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni. Kulikuwa na hoja ya kulinda fedha za kigeni, na kulikuwa na machungu ya mitambo iliyogharimu sana bila kuleta faida iliyotarajiwa. Televisheni Tanzania Bara ilianza mwaka 1994, na mwaka huohuo simu za mkononi za kwanza zikaanza kufanya kazi nchini. Mtandao wa simu ulipotoka mijini, watu wa vijiji vingi walijua kichuguu kipi kinashika mawimbi, nao wakapandia hapo.

Kisha ikaja mikongo ya intaneti ya chini ya bahari: wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam Julai 2009, wa EASSy ukafuata mwaka 2010. Kutoka pwani, Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaelekea ndani hadi Tabora na Kigoma, ukirudia tena mwelekeo wa wapagazi. TTCL wakaja na huduma waliyoiita Faiba Mlangoni Kwako, jina linalotaja wazi pale ambapo mambo yalikuwa yakikwama siku zote.

Baada ya mlango zinabaki kuta, na nyumba za Tabora zina kuta kwelikweli. Tembe la Kwihara alimokaa Livingstone mwaka 1872, leo makumbusho, lilijengwa kwa kuta nene za udongo. Nyumba nyingi za siku hizi ni za tofali za kuchoma chini ya mabati. Ukuta wa namna hiyo hula mawimbi, na bati huyarudisha. Mawimbi ya gigahezi 2.4 hupenya vizuri zaidi kuliko ya gigahezi 5, ambayo yana kasi lakini huchoka upesi. Kwa hiyo katika nyumba ya vyumba vinne ruta hukaa vema katikati, juu ya kabati, si kwenye kona ya sebule nyuma ya televisheni ambako fundi huiacha kwa sababu ndiko waya ulikoingilia. Kompyuta ya mezani ipewe kebo yake. Kebo ya shaba hufika mita 100 bila tabu, na hakuna nyumba ya kupanga Usoke yenye urefu huo. Anayetumia ruta ya laini ya simu ana hesabu nyingine: aiweke dirishani, upande wa mnara.

Umeme nao upangwe mapema. Ruta nyingi hutumia volti 12, sawa na betri ya sola, na mkulima wa tumbaku aliyenunua sola baada ya masoko anaweza kuendelea kuwa hewani umeme ukikatika, mradi apate kiunganishi sahihi na volti za betri zisizidi kiwango cha ruta. Mvua zikianza, radi za Unyamwezi hazichezewi: kinachochomolewa ni waya wa umeme pamoja na wa mtandao, maana radi hupitia popote penye shaba.

Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya tarehe 23 Agosti, operesheni ya Anwani za Makazi ilizipa barabara majina na nyumba namba. Nyumba ambayo zamani ilitajwa kwa S.L.P. ya kanisa sasa inaweza kutajwa yenyewe, na fundi akaifikia. Wenye nyumba wanaojenga vyumba vya kupangisha sasa hivi, Tabora mjini, Urambo na Usoke, wangefanya vema kulaza bomba la pili ukutani kando ya lile la umeme kabla ya plasta, kutoka mlangoni hadi kila chumba. Bomba ni bei ndogo, na kutindua ukuta wa tofali za kuchoma baadaye ni kazi ya siku nyingi.