Shaba, Mvuke na Vitindi vya Ujiji

Mwaka 1863 Mfaransa Jules Verne alichapisha riwaya ya safari ya wiki tano ndani ya baluni. Safari hiyo haianzii Paris wala London. Inaanzia Unguja, na baluni inaelekea bara, huko ambako Burton na Speke walikuwa wameshafika Ujiji mwezi Februari 1858. Ni ndoto za namna hiyo zilizokuja kuzaa mtindo uitwao stimpanki, jina lililobuniwa mwaka 1987 na mwandishi wa Kimarekani K. W. Jeter. Kutoka vitabuni mtindo ukaingia kwa washonaji na masonara: koti la kubana kiuno, miwani ya fundi mitambo, kofia ya mpelelezi, kidani cha magurudumu ya saa, bangili ya shaba ya manjano.

Wapendao mapambo hayo huota zama za mvuke ambazo hazikupata kuwapo. Buzebazeba, ndani ya mji wa Kigoma-Ujiji, zama hizo zilikuwapo kweli, na shaba ilitangulia mvuke.

Katika karne ya 19 masango yalitoka Unguja hadi Ujiji juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Hayakuja kufunga mitambo. Yalisokotwa yakawa vitindi, vikauzunguka mkono kuanzia kiwiko cha kiganja kwenda juu. Na udodi, ule waya mwembamba, ukavaliwa miguuni. Shanga nazo zilikuwa fedha. Cameron, aliyefika Ujiji mwaka 1874, aliona sofi, shanga mfano wa vipande vya mti wa kiko uliovunjika, zikitumika sokoni: asubuhi wenye mikoba ya sofi waliwabadilishia watu, na soko likifungwa wakazirudisha mikobani, wakipata faida mara mbili. Pambo na sarafu vilikuwa kitu kimoja. (Washairi wetu wamevisifu vitindi vya kutosha, mpagazi bado anasubiri beti zake.) Na njia iliyoleta shaba ndiyo iliyopeleka pwani pembe na watumwa. Kofia ya mpelelezi inapovaliwa leo kwa urembo, hayo hayaonekani.

Mvuke wenyewe ulikuja kwa makasha. Meli Graf von Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaungwa upya Kigoma na kushushwa majini Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isitekwe, lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo grisi nyingi. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, mitambo ilikuwa bado inafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, na mvuke haukuondolewa humo hadi miaka ya 1970. Sonara wa stimpanki hulitoa gurudumu katika saa iliyokufa. Mafundi wale walilihifadhi gurudumu ili lizunguke tena.

Kwa sasa aliye karibu na mtindo huu katika Afrika ya Mashariki ni msanii Cyrus Kabiru wa Nairobi, aundaye miwani aiitayo C-Stunners kwa waya na vyuma vilivyotupwa. Wengi humweka miongoni mwa waotao Afrika ya kesho. Mikono yake, hata hivyo, inafanya kazi ya Ujiji: kupokea chuma kilichokusudiwa jambo jingine, kukikunja, na kumvisha mtu.