Dallas ya Embu: Mafundi Wawili, Geti Moja

Dallas hii si ya Texas, ni ya Embu mjini. Hebu tuseme hapo kuna wachomeleaji wawili, majirani, chuma wamenunua hadiwea moja. Mmoja anamaliza geti kwa siku mbili, mwenzake wiki nzima. Mtaa utasema wa pili ni mvivu. Historia inasema: ngoja kwanza.

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilitoa ripoti kuhusu ajira Kenya. Iliwashangaza wakubwa: watu wa jua kali si wazembe, wanazalisha, ila serikali yenyewe inawasumbua kwa leseni na bomoabomoa. Na ukifikiria, fundi asiyejua atabomolewa lini hanunui mashine ya bei. Ananunua nyundo, kitu anachoweza kukimbia nacho. Miaka ya 1980 Rais Moi akawajengea mafundi wa Kamukunji vibanda, na 1992 ikaja sera nzima ya jua kali. Poa. Lakini kivuli si hati ya ardhi, na benki hukopesha mwenye dhamana.

Halafu kuna stima. Ukame wa 1999 hadi 2000 ulikausha mabwawa ya Mto Tana, mengine yako Embu hii hii, na nchi ikaingia mgao. Kiwanda chenye jenereta kiliendelea. Fundi asiye nayo alikaa akingoja, na saa za kungoja hazilipwi.

Je, ni pesa tu? Hapana. Karibu na Mumbai, watafiti walivipa viwanda kadhaa vya nguo washauri wa bure: panga stoo, andika kila kasoro, hudumia mashine kabla haijaharibika. Matokeo yalichapishwa 2013: tija ilipanda kwa asilimia 17 mwaka wa kwanza. Kwa hivyo daftari nalo ni kifaa cha kazi.

Lakini daftari pekee halitoshi. Kwingine, fundi hodari angepata mkopo, apanue karakana, amwajiri jirani yake na kumfunza. Dallas, hodari asiye na dhamana hubaki mdogo vilevile, na ujuzi wake unaishia kwake. Hapo hasara si ya yule wa wiki nzima peke yake. Ni ya wote wawili, na ya kijana ambaye angeajiriwa wa tatu.