Kisomo cha Watu Wazima katika Unguja: Kutoka Ubao wa Chuoni hadi Simu ya Mkononi

Kila inapotajwa habari ya kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika katika Visiwa vya Unguja na Pemba, huulizwa kwanza ni watu wangapi wasiojua. Swali hilo ni la haki, lakini liko swali jingine lililopasa kulitangulia, nalo mara nyingi halikuulizwa: kusoma kwa herufi zipi? Katika sehemu nyingi za Afrika mtu mzima aliyeingia darasani kwa mara ya kwanza alikuwa hajapata kushika kitabu. Katika Unguja mambo hayakuwa hivyo. Bibi aliyeketi mkekani mbele ya mwalimu wa kisomo huenda alikwisha kuhitimu msahafu tangu utotoni mwake, naye akaandikwa katika daftari la darasa kuwa hajui kusoma. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi jambo hilo lilivyotokea, na kwa nini lingali linamhusu mwalimu wa kisomo katika zama hizi ambazo masomo yameanza kupita katika simu na mtandao wa intaneti.

Skuli ya kwanza ya Mzanzibari ilikuwa chuo. Vyuo vilikuwako mjini na mashamba, katika baraza ya maalim au ukumbini mwa nyumba yake, na zana zake zilikuwa chache: ubao, wino na kalamu ya mwanzi, kisha juzuu, kisha msahafu. Mtoto alianza alifu kwa ujiti. Alijifunza sura za herufi, halafu akafundishwa alama za fataha, kisra na dhuma zinazoipa kila herufi sauti yake, ndipo akaanza kuunganisha. Msomaji aangalie kwamba hata leo, tunapofundisha sarufi ya Kiswahili kwa herufi za Kirumi, maneno tunayoyatumia yametoka katika chuo hicho. Irabu ni neno la Kiarabu, na herufi, kalamu, karatasi na kitabu ni kadhalika. Neno skuli lenyewe ndilo lililotoka kwa Waingereza, kama vile wenzetu wa Bara walivyolipata neno shule kwa Wajerumani.

Jambo moja la chuo yafaa litazamwe kwa makini. Kusoma kulikuwa elimu moja, na kuandika kulikuwa elimu nyingine. Wengi walihitimu bila ya kufundishwa kuandika barua, na kwa wanawake upungufu huo haukuwa wa bahati mbaya, bali ulikusudiwa. Ushahidi wake tunao katika kumbukumbu za Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa katika jumba la Mtoni mwaka 1844, na ambaye kitabu chake kilipigwa chapa Ujerumani mwaka 1886. Anaeleza humo kwamba mabinti wa Sultani walifundishwa kusoma tu, maana kuandika kulionekana hakumfai mwanamke. Yeye akaamua kujifunza kwa siri. Aliufanya msahafu kuwa kielelezo, akawa ananakili herufi zake juu ya mfupa wa bega la ngamia, ambao siku zile ulitumika Unguja mahali pa kibao. Mwaka 1859, Sayyid Barghash alipopanga kumpindua ndugu yake Sayyid Majid, barua za siri za kundi lake ziliandikwa na Salme, na umri wake haukuzidi miaka 15. Waliowanyima mabinti kalamu hawakuwa wajinga, walijua wanachokizuia.

Herufi za Kirumi ziliingia Unguja kwa mlango mwingine. Wamisionari wa Kiingereza wa UMCA walihamia hapa katika miaka ya 1860, na mmoja wao, Edward Steere, aliyekuja kuwa Askofu, alichapisha mwaka 1870 kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kama kilivyosemwa Unguja. Misheni ilikuwa na mtambo wake wa kupigia chapa, na miongoni mwa waliofundishwa kazi hiyo walikuwamo vijana waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Haukupita muda mrefu, Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, naye akaleta mtambo wake uliopiga chapa vitabu kwa Kiarabu. Basi mji mmoja ukawa na mitambo miwili na aina mbili za herufi, na kila upande una wasomaji wake.

Haifai kudai kwamba hati za Kiarabu zilikidhi kila haja ya Kiswahili. Kiarabu hakina herufi ya p, wala ya v, wala ya ch, na alama zake tatu za irabu hazitengi e na i, wala o na u. Mwandishi wa zamani alimtegemea msomaji wake ajue neno kabla hajalisoma, na kila aliyewahi kuchambua tenzi za kale katika miswada anaifahamu taabu hiyo. Hata hivyo, kwa hati hizo hizo wazee waliandikiana barua, wakaandika wasia, wakahesabu mali zao za karafuu na nazi, na mambo yao yakaenda.

Serikali ya kikoloni ilipoanzisha idara ya elimu mwanzoni mwa karne ya 20, mabishano juu ya herufi yalikuwa makali, kwa kuwa wazee wengi hawakutaka watoto wao wafundishwe kwa herufi walizozihesabu kuwa za misheni. Hatimaye herufi za Kirumi zilishinda, si kwa hoja bali kwa kuwa ndizo zilizofungua mlango wa kazi za ofisini. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, lahaja ya Kiunguja ilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi nne za Afrika Mashariki kuisimamia kazi hiyo. Hapa pana kinaya kikubwa. Matamshi na maneno ya watu wa Mji wa Unguja yalitukuzwa kuwa kipimo cha watu wote, na katika kipindi hicho hicho maandishi ya watu hao yakaachwa nje. Mzee aliyekipa Kiswahili sanifu ulimi wake hakuweza kukisoma kitabu kilichoandikwa kwa ulimi huo.

Walimu wa skuli za serikali walipata msaada kidogo. Lilikuwako jarida lao, Mazungumzo ya Walimu wa Unguja, ambamo walielezana njia za kufundisha na habari za skuli za mashamba. Watu wazima hawakuwa na kitu cha namna hiyo. Kilichowafikia ni sauti. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba ambaye hakupata kusomeshwa skuli, alikwenda Bombay mwaka 1928 kuimba katika sahani za santuri, na nyimbo zake zikasikika mwambao mzima. Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Mwaka 1951 ikaanza Sauti ya Unguja, na tangu hapo baraza za Ng'ambo na za vijijini zikawa na redio ya kuzungukwa. Nayataja haya kwa sababu mwalimu akidhani kwamba mtu asiyesoma hana elimu, atashindwa kazi yake siku ya kwanza.

Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 hali ilibadilika. Tarehe 23 Septemba mwaka huo huo elimu ilitangazwa kuwa bure kwa wote, na katika miaka iliyofuata madarasa ya watu wazima yakafunguliwa mjini na vijijini. Elimu ya skuli si jambo la Muungano, kwa hiyo Zanzibar iliendesha kisomo chake yenyewe, lakini haikuwa mbali na vuguvugu la Bara. Huko, mwaka 1970 ulitangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na hesabu za wasiojua kusoma na kuandika, ambao mwaka 1967 walikuwa kiasi cha asilimia 67, zilishuka hadi asilimia 39 mwaka 1975. Mafia, kisiwa jirani chetu, kilikuwa miongoni mwa wilaya chache zilizotangulizwa.

Katika kampeni hizo liko funzo ambalo wahandisi wa leo hawalitaji sana. Mwaka 1973 ilifanywa kampeni ya Mtu ni Afya, nayo iliwakusanya watu wapatao milioni 2. Redio ilisema, lakini haikuachwa iseme peke yake. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefundishwa kwanza, na kitabu kidogo cha kusomwa, na baada ya kipindi watu walizungumza, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Chombo, kitabu na mtu vilikwenda pamoja. Kampeni zilipopoa, na magazeti ya vijijini na vitabu vipya vikawa adimu, wengi waliokuwa wameanza kusoma waliurudia ujinga wao wa zamani, kwani macho yasiyopata cha kusoma husahau upesi.

Sensa ya 2012 ilionyesha kwamba zaidi ya watu wazima 8 katika kila 10 wa Zanzibar wanajua kusoma na kuandika. Waliobaki si wa kupuuzwa, na haja yao imekuwa ya namna mpya. Tangu mwaka 1989 kilimo cha mwani kilipoanza katika pwani ya mashariki ya Unguja, kwenye vijiji kama Paje na Jambiani, maelfu ya wanawake wamekuwa na mazao ya kuuza kwa kilo. Mnunuzi hupima, huandika, hulipa. Asiyeweza kuusoma mzani wala daftari la mnunuzi hana njia ya kuhakiki jasho lake. Na tangu fedha zilipoanza kutumwa kwa simu, mwaka 2008 na baadaye, asiyesoma humpa kijana simu yake pamoja na namba ya siri, na hapo amekwisha kumkabidhi mfuko wake.

Hivi sasa wapo wanaosema kwamba dawa iko katika simu hiyo hiyo. Hoja yao haikosi msingi. Kati ya 2017 na 2019, katika mkoa wa Tanga, ulio ng'ambo ya mlango wa bahari tu kutoka hapa, vijiji vipatavyo 170 vilipewa vibao vya kompyuta vyenye masomo ya Kiswahili, katika shindano lililoitwa Global Learning XPRIZE. Watoto wasiokwenda skuli walijifunza wenyewe, na idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja ilipungua kwa kiasi cha nusu. Lakini hao walikuwa watoto, tena kila kijiji kilikuwa na kituo cha kuchajia kwa nguvu za jua na mtu wa kuviangalia vibao. Mtu mzima anayerudi pwani jioni hana saa za kuchezea kibao, na ana haya ya kukosea mbele ya mjukuu wake. Zaidi ya hayo, simu yenyewe imempa njia ya kukwepa, kwani hutuma ujumbe wa sauti, akajibiwa kwa sauti, na asihisi kwamba kuna kilichompita.

Palipo na faida kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni katika kumsaidia mwalimu. Mwalimu wa kisomo wa kijijini hufanya kazi kwa posho ndogo au bila ya posho, na mara nyingi hana mwenzake wa kumuuliza. Kwa simu aweza kupata masomo yaliyotayarishwa, akasikiliza mwalimu mwingine anavyofundisha, akauliza na akajibiwa usiku ule ule. Aweza pia kulishughulikia lile suala la herufi lililoachwa tangu zama za ukoloni. Iko programu iitwayo Andika!, iliyotengenezwa na Kevin Donnelly, ambayo hugeuza maandishi ya Kiswahili kutoka herufi za Kirumi kwenda hati za Kiarabu, kwa kufuata mwandiko wa marehemu Sheikh Yahya Ali Omar, mwanachuoni wa Mombasa aliyefundisha London. Kwa chombo kama hicho mwalimu aweza kumwekea bibi sentensi ile ile katika safu mbili, moja anayoijua na moja anayojifunza.

Na asisahau tarakimu. Aliyezoea namba za aya katika msahafu huijua sifuri kuwa ni nukta, na tano kuwa ni duara. Akiandikiwa 50 kwa tarakimu za skuli, duara lile huliona kuwa ni tano, na mwalimu asiyezijua tarakimu za chuoni ataandika kwamba mwanafunzi hajui kuhesabu, ilhali mama huyo ameuza mwani kwa miaka 20.