Bloa ya umeme: Nguvu nyingi hupotelea kwenye waya

Bloa ya umeme ya kupulizia majani huweza pia kuondoa vumbi ghalani na kwenye bodi ya lori. Mfanyabiashara anayeinunua Lilongwe kwa ajili ya Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1994 wilayani Dowa, takriban kilomita 45 kutoka mjini, anashauriwa kukagua waya kabla ya kulaumu mota.

Umeme wa Malawi ni volti 230. Bloa ya wati 2,000 huvuta ampea 8.7 hivi. Ikitumia ekstensheni ya shaba ya mita 50 yenye unene wa milimita za mraba 0.75, volti 20 hivi hupotea njiani. Upepo hupungua na waya hupata moto. Waya wa milimita za mraba 1.5 hupunguza hasara hiyo kwa nusu. Ekstensheni ikunjuliwe yote, kwani ikiachwa imeviringwa hushika joto na huweza kuyeyuka.

Aidha, mashine izimwe na kuchomolewa, kisha tundu la kuvutia hewa lisafishwe kila baada ya kazi, hasa wakati wa kiangazi. Majani yaachwe yakauke kwanza. Mabichi ni mazito na hula umeme bure.

Kwa wanaovusha mizigo, mashine za Afrika Kusini pia ni za volti 230, ila plagi ya pini za mviringo haiingii kwenye soketi ya Malawi. Mashine ya volti 120 kutoka Marekani huungua ikichomekwa moja kwa moja. Ni vyema mashine ijaribiwe dukani kabla ya kupakiwa, kwani nauli ya kuirudisha Lilongwe hula faida.