Dungu la Rufiji

Katika nchi nyingine watu hupiga hema kando ya ziwa ili wapumzike. Ninyi wa Kiongoroni na Rufiji yote mnalo dungu, nalo si la mapumziko.

Mnalijua: kibanda juu ya nguzo ndefu, katikati ya shamba. Mto ukifurika, maji hupita chini na mtumbwi hufungwa nguzoni. Juu watu hupika, hulala, na hupiga kelele kufukuza ndege na nguruwe wasile mpunga.

Mwaka 1968 yalikuja mafuriko makubwa. Serikali ikawahamisha watu wengi wa bonde la Rufiji, ikawapeleka katika vijiji vya ujamaa, mahali palipoinuka. Huko maji hayakuwafikia, na shule iliweza kujengwa. Lakini rutuba haikuhama. Huletwa na mto, nayo ilibaki bondeni. Basi msimu ulipofika watu walifunga vyungu na mikeka, wakarudi madunguni kwa miezi.

Hapo mzazi alipata taabu: amwache mtoto kijijini asome, au aende naye akalinde mpunga? Jadilianeni darasani. Wazee walioyaona mafuriko yale waanze wao.