Mafungo ya Mtakatifu Inyasi na Pwani ya Malindi na Kilifi

Mafungo ya kiroho ya Wajesuiti chimbuko lake ni jeraha la vita. Tarehe 20 Mei 1521, katika ngome ya Pamplona kaskazini mwa Hispania, risasi ya mzinga ilimvunja mguu Inyasi wa Loyola, mwungwana wa Kibaski aliyekuja kuwa mwanzilishi wa Wajesuiti. Alipokuwa akiuguzwa nyumbani kwao alitaka hadithi za mashujaa, zikakosekana. Akapewa maisha ya Kristo na ya watakatifu. Hapo kitandani aling'amua jambo ambalo hadi leo ndilo kiini cha mafungo haya. Ndoto za sifa na ushujaa zilimfurahisha kwa muda, kisha zikamwacha mkavu. Wazo la kuwafuata watakatifu lilimwachia furaha iliyodumu. Mwaka uliofuata alikwenda Manresa, akakaa karibu miezi 11 akisali kwa saa nyingi na kuandika yaliyompata. Maandishi hayo ndiyo yaliyokua kuwa kitabu cha Mazoezi ya Kiroho, kilichoidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548.

Anayekisoma kitabu hicho mfululizo huenda akachoka upesi, kwa sababu hakikuandikwa kisomwe bali kitendwe. Mafungo kamili huchukua siku 30 hivi za ukimya, katika majuma manne ambayo urefu wake hutegemea hali ya mtu. Juma la kwanza hutazama dhambi na huruma ya Mungu, la pili maisha ya Yesu, la tatu mateso yake, la nne ufufuko. Mfungaji husali mara nne au tano kwa siku, kila mara kwa saa nzima, na humaliza kwa kuzungumza na Bwana kama mtu azungumzavyo na rafiki yake. Kila siku hukutana na mwongozaji na kumweleza yanayopita moyoni: faraja, ukiwa, hofu, hamu.

Upekee wa mafungo haya uko katika kazi ya huyo mwongozaji. Inyasi alimkataza kumvuta mfungaji upande wowote, hata kuelekea utawa au ufukara, wakati mafungo yanaendelea. Awe kama mizani iliyosimama wima, ili Muumba ashughulike mwenyewe na kiumbe chake. Ni agizo zito kwa padre aliyezoea kuhubiri, na ndilo linaloyatenga mafungo haya na semina za kiroho.

Miongoni mwa waliotangulia kuyafanya ni Fransisko Ksaveri, mwanafunzi mwenzake Inyasi mjini Paris, aliyejitenga kwa ajili hiyo mwaka 1534. Miaka minane baadaye, akiwa safarini kutoka Msumbiji kwenda Goa, alishuka Malindi. Pwani aliyopita ilikuwa na miji ya Kiislamu iliyokwisha kukomaa. Mnarani, kwenye mwinuko unaoitazama hori ya Kilifi, ulikuwa mji wenye msikiti mkubwa uliojengwa karne iliyotangulia, na magofu yake yangali yamesimama.

Katika barua aliyoiandika Goa mwezi Septemba 1542, Ksaveri alisimulia kwamba walimzika Malindi mtu aliyefia melini, na kwamba alifurahi kuona msalaba mkubwa wa mawe uliosimamishwa na Wareno. Alieleza pia mazungumzo yake na Mwislamu mmoja mwenye heshima mjini. Mzee huyo alimwuliza kama makanisa ya Wareno hujaa watu na kama Wakristo husali kwa bidii, maana katika misikiti 17 ya Malindi ni mitatu tu iliyokuwa na waumini, nao wachache. Ksaveri alimjibu kwa ukali wa zama zake, wakaachana kila mmoja na msimamo wake. Hata hivyo swali la mzee lilikuwa la kiroho hasa, nalo ndilo swali ambalo mafungo yalibuniwa kulishughulikia: sala inapopoa, ifanyweje?

Ksaveri hakuacha nyumba ya mafungo nyuma yake. Watawa waliokuja kukaa walikuwa Waagustino, waliofungua monasteri Mombasa mwaka 1597, na kazi yao ikakatizwa na maasi ya Sultani Yusuf bin Hasan wa Mombasa mwaka 1631. Wajesuiti wenyewe walivunjwa na Papa mwaka 1773, wakarudishwa mwaka 1814. Kwingineko duniani mafungo yaliendelea, lakini mara nyingi yakawa mahubiri kwa kundi, na mwongozaji wa mtu mmojammoja akasahaulika. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliyataka mashirika ya kitawa yarudi kwenye roho ya waanzilishi wao, na Wajesuiti wakaufufua mtindo wa awali. Kwa mtindo huo ndivyo Mwangaza, kituo chao cha mafungo jijini Nairobi, kinavyowapokea mapadre, watawa na walei.

Kujitenga ili kusali hakukuwa kugeni pwani. Waislamu hukaa itikafu msikitini, hasa siku kumi za mwisho za Ramadhani, na wazee wa Kimijikenda huingia kaya, misitu yao mitakatifu, kuomba. Mkristo wa Kilifi anayekwenda mafungoni huelewa haraka maana ya kunyamaza. Kigeni kwake huenda ni kufungua moyo kila siku mbele ya mwongozaji.

Wengi hudhani mafungo ya Inyasi ni ya watawa pekee kwa sababu ya zile siku 30. Mwenyewe aliliona tatizo hilo, na katika maelekezo ya mwanzo, namba 19, aliwawekea njia wenye shughuli nyingi: wasali saa moja na nusu kwa siku wakiendelea na kazi zao, na wakutane na mwongozaji kwa muda watakaopangiana. Mwalimu au mvuvi wa Mnarani anaweza kuyafanya bila kuvuka daraja la Kilifi. Anayetaka aanze kwa kumwomba paroko wake amtafutie mwongozaji aliyefundishwa kazi hiyo, kwa kuwa bila huyo kitabu peke yake hakitoshi.